Wakimbizi wa baridi katika jangwa la Arizona

Msomaji wangu, ile baridi ya Makete inayokufanya uvae makoti mawili na kung'ang'ania jiko, kwa watu wa Minnesota ni hali ya kutokea na fulana. Jimbo hilo liko kaskazini kabisa mwa Marekani, linapakana na Kanada, na mwezi Januari katika jiji la Minneapolis usiku wa kawaida ni kama nyuzi 13 chini ya sifuri. Huo ni usiku mpole. Ukiamka vibaya unashuka hadi 25 na zaidi, ukipumua ndevu zinaganda. Maziwa (yale ya samaki, siyo ya ng'ombe) yanakuwa mwamba, watu wanapita na magari juu yake, wanatoboa shimo na kuvua. Katikati ya jiji wamejenga njia za vioo zilizo juu juu, kutoka ghorofa hadi ghorofa, ili mtu atoke ofisini, apite benki, akale, bila kukanyaga nje. We acha tu.

Sasa kama una miguu unangoja nini? Mbayuwayu wa Ulaya walishajua dawa zamani. Baridi ikibisha hodi wao wanafunga virago, wanaruka Sahara, na Desemba unawakuta wametulia kwenye nyaya za umeme huku kwetu. Marekani wapo binadamu wa namna hiyo. Wanaitwa "ndege wa theluji" na wengi wao ni wastaafu. Ikifika Oktoba au Novemba wanafunga nyumba, au wanaondoka na nyumba yenyewe ikiwa ina magurudumu, wanateremka kusini: Florida, Texas, Arizona. Huko Arizona kuna kimji kinaitwa Quartzsite. Ndicho nilichokwenda kukiona Januari, nikiwa na hema, sufuria na watu wawili wanaojua Kiswahili.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Minneapolis na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuogesha, kuvisha, kulisha, kugeuza kitandani. Krismasi na Mwaka Mpya alipiga shifti mbili mbili, akapewa mapumziko ya siku tisa. Mimi nilikuwa nimefikia kwake. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukibaki humu ndani utaota ukungu. Twende tukaote jua." Akamchukua na shoga yake, Mkenya wa Kisii anayefanya naye kazi, maana kwa safari ile dereva mmoja hatoshi. Mimi nikapewa cheo cha utingo.

Ni karibu kilomita 3,000. Yaani utoke Dar uende Mwanza, urudi, halafu uondoke tena mpaka Dodoma, na bado hujafika. Tulishuka na barabara namba 35 kupitia Iowa, Missouri na Kansas hadi Oklahoma City, theluji imelala pembeni kama pamba iliyokosa mnunuzi. Pale tukakata kulia, tukaingia namba 40: Amarillo, Albuquerque, Flagstaff. Flagstaff ikatupokea na theluji tena, maana mji huo uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Nikaanza kununa. Dada akasema, "Tulia, sasa hivi tunashuka." Na kweli, kutoka pale barabara inateremka hadi Phoenix, na kila baada ya nusu saa mtu anavua nguo moja. Koti, sweta, soksi nzito. Phoenix niliingia na fulana. Kutoka hapo ni kama kilomita 200 kuelekea magharibi, umefika.

Usitegemee maghorofa. Wakazi wa kudumu wa Quartzsite hawafiki 4,000, na kiangazi joto linapopita nyuzi 40 kuna wengi nao wanaokimbia. Lakini Januari mchana ni kama nyuzi 20, jua la Moshi mwezi wa saba, na mvua ni ya kuhesabu matone. Basi jangwa linajaa magari-nyumba, maelfu kwa maelfu, meupe, yamesambaa mpaka chini ya vilima kama mbuzi wa Mmasai. Katikati yake imesimama midungusi mirefu kama nguzo za umeme, imeinua mikono kana kwamba polisi wameikamata.

Siri ya mahali pale ni ardhi. Sehemu kubwa ya jangwa ni mali ya serikali kuu ya Marekani, na idara yake ya ardhi ndiyo inayoisimamia. Yapo maeneo unapiga kambi siku 14 bila kulipa senti, kisha unatakiwa kuhama. Halafu liko eneo la La Posa, la wale wanaokaa msimu mzima. Utaratibu huo ulianza mwaka 1983. Kibali kinaanza Septemba 15 hadi Aprili 15, na kwa miaka mingi kiliuzwa dola 180. Piga hesabu mwenyewe: miezi saba, haifiki dola moja kwa siku. Wapi utapanga chumba kwa hela hiyo?

Sisi tulichukua ile ya bure. Na bure yenyewe ni bure kweli kweli: hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna choo. Maji unabeba kwenye madumu, takataka unaondoka nazo, kuoga unalipia mjini. Wenyeji wa kambi wanavuna umeme wao juani kwa paneli za sola. Choo tulinunua cha kubebeka, chenye mfuniko, na kazi ya kukibeba akapewa utingo.

Usiku jangwa linakugeuka. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni, na kabla hujamaliza kuosha vyombo joto limeshuka hadi nyuzi nne au tano. Mimi nikajifunika mablanketi yote. Dada na shoga yake wamekaa nje na ndala, wanacheka: "Hii nayo unaita baridi?" Shoga alibeba unga kutoka Minneapolis, akasonga ugali chini ya nyota. "Nyama bila ugali ni kutafuna tu," akasema. Nyota za kule, jamani, ni nyingi kiasi kwamba unaona kama zitakuangukia kwenye sufuria.

Asubuhi ya pili tulikwenda makaburini. Usicheke, ndiko wageni wote wanakokwenda. Kuna piramidi ndogo ya mawe, juu yake amesimama ngamia wa chuma. Aliyezikwa hapo Wamarekani wanamwita Hi Jolly. Yeye mwenyewe alijulikana kama Haji Ali. Alitoka katika milki ya Waturuki, akaletwa Marekani miaka ya 1850 pamoja na ngamia, baada ya jeshi la nchi hiyo kuamua kuwajaribu wanyama hao katika majangwa yake. Mwaka 1857 msafara wa ngamia ulioongozwa na Edward Beale ulikata njia kupitia New Mexico na Arizona mpaka California. Ile namba 40 tuliyokuja nayo inafuata njia hiyo kwa masafa marefu. Ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861, jeshi likawasahau ngamia, wengine wakauzwa, wengine wakaachwa porini. Haji Ali akabaki, akabeba mizigo, akachimba madini, akafariki hapo Quartzsite mwaka 1902. Piramidi ilijengwa miaka ya 1930. Ulimi wa Mmarekani ulishindwa na "Haji Ali", ukatoa "Hi Jolly", na ndivyo walivyomwandika juu ya kaburi.

Shoga akalitazama sana lile jiwe. "Kumbe hatukuanza sisi," akasema. "Mimi kazini wananiita kwa herufi mbili tu. Jina la baba yangu liliwashinda siku ya kwanza."

Mjini ni soko tupu. Januari ndiyo mwezi wa maonyesho: mawe ya thamani, vito, magari-nyumba mapya ndani ya hema kubwa kama uwanja, na mitumba ya kila namna. Kulikuwa na muuza vitabu maarufu aliyeitwa Paul Winer, ambaye alihudumia wateja akiwa karibu uchi kabisa, kofia kichwani na kijifuko kidogo pale penye lazima. Alifariki mwaka 2019. Ukitaja jina lake mpaka leo wazee wanatabasamu. Nikajiuliza pale Kariakoo angedumu dakika ngapi.

Ila ukitembea kambini jioni ndipo unagundua kuwa jua ni moja lakini waliolifuata ni watu wa namna mbili. Unakuta basi la zaidi ya dola laki tatu, lina jokofu, kochi la ngozi na gari dogo linalokokotwa nyuma kwa ajili ya kwenda sokoni. Mwenyewe amestaafu vizuri, ana nyumba kaskazini inayomngoja mpaka theluji iyeyuke. Hatua mia mbili kutoka hapo unakuta van iliyochoka, madirisha yamezibwa kwa maboksi, mtu analala humo mwaka mzima. Hana nyumba inayomngoja popote.

Hawa wa pili wameandikwa. Jessica Bruder alitoa kitabu juu yao mwaka 2017, kinaitwa Nomadland. Chloé Zhao akakifanya filamu mwaka 2020, na mwaka 2021 ikachukua Oscar ya filamu bora. Sehemu ya filamu hiyo ilipigwa hapo hapo Quartzsite, na ndani yake yumo Bob Wells, mzee anayewafundisha watu kuishi ndani ya magari, ambaye mikutano yake ya Januari imewavuta maelfu. Wengi wa watu hao walipoteza nyumba baada ya uchumi kuanguka mwaka 2008. Pensheni ya serikali wanaipata, mtu anaweza kuanza kuichukua akiwa na miaka 62, lakini ukilipa kodi ya nyumba hubaki na ya kula. Kwa hiyo wamefuta kodi ya nyumba.

Jirani yetu alikuwa mama wa miaka 68, yeye na mbwa wake ndani ya van. Nyumba yake ilikwenda na benki mwaka 2009. Kiangazi analinda kambi za watalii milimani, Oktoba anapanda kaskazini kwenye mavuno ya viazisukari, Januari yuko jangwani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne kwamba ana bahati, anafuata jua. Akanitazama kwa upole. Akasema yeye halifuati jua, anaikimbia baridi, na ukiwa unalala ndani ya gari hayo ni mambo mawili tofauti. Kaskazini Januari gesi inaisha usiku, betri inakufa, na wewe unaifuata.

Tukamkaribisha ugali. Akamuuliza dada anafanya kazi gani, dada akamwambia. Akauliza mzee analipa kiasi gani kwa mwezi kwenye nyumba kama ile. Dada akamtajia. Mama akacheka kidogo, akaendelea kumpapasa mbwa.

Usiku huo dada hakulala mapema. Akaniambia, "Unajua, wale ninaowaogesha wengi walikuwa wanakuja huku. Kuna babu mmoja ana picha ya basi lake ukutani. Kila siku ananiuliza tunaondoka saa ngapi. Namjibu kesho asubuhi, babu." Akanyamaza. Halafu: "Hapa umeona wanaoweza kushika usukani. Wakishindwa wanaletwa kwangu. Huyu mama akishindwa, sijui ataletwa kwa nani."

Kijiweni tukizungumza habari za Majuu tunazungumza ya ujana: kazi, gari, dola. Hakuna anayeuliza kule mtu anazeeka vipi. Na tusijisifu kuwa sisi wazee wetu wanarudi kijijini kula ndizi na wajukuu. Wapo wanaorudi. Wapo pia wanaosota chumba kimoja Manzese, mtoto yuko Majuu, simu inaita mara moja kwa mwezi. Tofauti yetu kubwa ni kwamba huku kwetu jua halifuatwi na mtu, linakuja lenyewe mlangoni.

Kama utapata mwaliko wa huko, nenda, nami nasema nenda Quartzsite kabla ya sehemu za kifahari. Beba maji kuliko unavyodhani, beba blanketi zito, na kabla hujafunga hema uliza mwisho wa eneo la bure uko wapi. Wazee wa kule wanapenda maongezi, ukisema umetoka Tanzania utapewa kiti.

Siku ya tatu tulifungasha, maana Jumatatu asubuhi dada alikuwa na shifti. Mama jirani naye alikuwa anajiandaa, siku zake 14 zinaisha, anatafuta pa kusogea. Tulimwachia madumu mawili ya maji na unga wote uliobaki, na shoga akamwandikia kwenye karatasi jinsi ya kuusonga. Dada akaongeza namba yake ya simu chini. "Oktoba ukipita Minnesota kwenye viazisukari," akamwambia, "nipigie. Na ukiona umechoka kuendesha, nipigie kabla ya Oktoba."