Baridi ya Brazili na kahawa iliyoko kichanjani kwako

Tumeingia Julai, kahawa iko vichanjani, na kila ninaposimamisha pikipiki naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, mwaka huu bei itapanda?" Bei ya kesho siijui. Lakini kuna jambo ninalolifuatilia kila mwaka kuanzia Mei hadi Agosti, na leo nataka nikueleze lilivyonifundisha, na pia mahali liliponiumbua.

Tarehe 20 Julai 2021, kama saa sita mchana, nilikuwa huku Mbinga kwenye kichanja cha mama mmoja, tukichambua kahawa ya maganda na kutoa yenye kasoro. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiwafuatilia watu wa Brazili wanaopenda mambo ya hali ya hewa, nikisoma maneno yao kwa msaada wa tafsiri ya simu. Sehemu za kahawa za Brazili ziko nyuma yetu kwa saa sita. Saa sita yetu ya mchana kwao ni alfajiri, muda ambao baridi hufika chini kabisa kabla jua halijachomoza. Picha ya kwanza ilikuwa ya kioo cha gari kilichoganda. Ya pili ilikuwa ya shamba la kahawa kusini mwa jimbo la Minas Gerais, mibuni safu kwa safu, meupe kama mtu amepita akimwaga unga. Jua lilipotoka weupe uliyeyuka, na majani yakabaki kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Baada ya siku chache yalikuwa makavu, rangi ya kahawia.

Nikamwonyesha yule mama. Akatazama kwa muda, akauliza, "Hao wenye shamba wanakula nini sasa?" Halafu akanyamaza, na nilijua anawaza nini. Nusu ya kahawa yake alikuwa ameshaiuza mwezi wa tano ikiwa bado kijani mtini, ile biashara ya magoma ambayo Kagera wanaiita butura. Kijana wake alikuwa anadaiwa ada.

Sasa nikueleze hao watu wanafuatilia nini, kwa sababu ukielewa utaacha kushtuka kwa kila picha inayorushwa.

Sisi tuna kipupwe, na wao wana majira ya baridi miezi hiyo hiyo, kwa kuwa wako kusini mwa ikweta kama sisi. Mara chache kwa mwaka, fungu kubwa la hewa baridi hutoka upande wa ncha ya kusini ya dunia, likapanda kupitia Argentina. Upande wa magharibi kuna safu ya milima ya Andes, nayo huizuia hewa hiyo isisambae, ikawa kama maji kwenye mfereji, ikaelekea kaskazini hadi ndani ya Brazili. Ikiwa na nguvu sana hufika hata Amazoni. Lakini kufika peke yake hakuunguzi kahawa. Kinachounguza ni usiku unaofuata, pale mawingu yanapoondoka na upepo kutulia. Ardhi inapoteza joto lake lote kwenda angani, kama chungu kilichoachwa bila mfuniko. Hewa iliyo karibu na ardhi inapoa, inakuwa nzito, inateremka mabondeni na kutuama huko. Ndiyo maana shamba la bondeni linaweza kuungua lote na la kilimani, hatua mia mbili tu kutoka hapo, likabaki kijani.

Jambo lililonishangaza ni kipimajoto. Vituo vya hali ya hewa hupima joto ndani ya kibanda kilicho juu kidogo ya kimo cha kifua cha mtu. Usiku wa anga wazi, joto la majani yaliyo karibu na ardhi linaweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi tatu au nne. Kwa hiyo utabiri ukisema nyuzi 3, wewe unadhani pako salama, kumbe jani limeshaganda. Wale wapenzi wa hali ya hewa wanalijua hili, na utawaona wanabishana usiku kucha kuhusu mawingu na upepo kuliko kuhusu baridi yenyewe. Hili lichukue hata kama hulimi kahawa. Kama unalima viazi Njombe au Makete, au uko Kinangop kule Kenya, weka kipimajoto chako sehemu ya chini kabisa ya shamba. Cha ukutani kwenye nyumba kitakudanganya.

Kuna kundi jingine kati yao ambalo lilinichanganya mwanzoni. Hao wanatafuta theluji. Wanasafiri hadi miji ya milimani kusini kabisa kama São Joaquim na Urupema, wanalala kwenye magari, wanasubiri chembe za kwanza. Tarehe 28 na 29 Julai mwaka huo theluji ilianguka kweli, katika miji mingi ya jimbo la Rio Grande do Sul na jirani zake, na picha zake zilizunguka dunia nzima. Hata hapa zilifika. Kijana mmoja anayenunua kahawa vijijini alinijia mbio na picha ya watu wakitengeneza sanamu ya theluji, akaniambia, "Kaka, kahawa ya Brazili imekwisha!" Nikamwambia huko kwenye sanamu hakuna kahawa. Kahawa iliungua siku nane kabla, mamia ya kilomita kaskazini, bila theluji hata chembe. Soko la New York lilikuwa limeshajua. Bei ya arabika iliyokuwa kama dola 1.6 kwa ratili ilivuka dola 2 ndani ya siku chache, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 2014. Picha iliyomfikia yeye ilikuwa nzuri kwa macho lakini kwa biashara ilikuwa habari ya juzi.

Wazee wetu wanaikumbuka baridi kubwa kuliko hiyo, ingawa wengi hawajui kwamba ilikuwa baridi. Julai 1975 jalidi ilipiga jimbo la Paraná na kuua karibu mibuni yote ya huko. Brazili inaiita jalidi nyeusi mpaka leo. Hewa ilikuwa kavu kiasi kwamba umande mweupe haukuonekana, mmea uliganda kwa ndani na kuamka mweusi. Bei ikapanda hadi kuvuka dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Mzee akikwambia miaka ile watu walijenga nyumba za bati kwa kahawa, au ukisikia habari za Chepkube, pale mpakani mwa Kenya na Uganda ambako kahawa ya magendo ilivushwa usiku, ujue usiku ule wa Paraná una mkono wake humo.

Turudi kwenye mfuko wako. Bei ya New York inatajwa kwa ratili, na ni ya kahawa safi iliyokobolewa. Dola 2 kwa ratili ni kama dola 4.4 kwa kilo. Kilo mia ya maganda inatoa kilo kama themanini za kahawa safi. Mbivu ndizo nyingi zaidi, kilo tano au sita kupata kilo moja safi. Fanya hesabu hiyo kabla hujamwita mnunuzi mwizi, na ifanye tena kabla hujamwamini. Kumbuka pia kwamba jalidi ya Julai haiharibu sana kahawa inayovunwa wakati huo. Inaunguza matawi ambayo yangetoa maua Septemba na Oktoba, kwa hiyo pengo ni la mwaka unaofuata, na mibuni iliyokatwa hadi shina hukaa miaka miwili au mitatu bila mavuno ya maana. Ndiyo sababu bei haikupanda wiki moja na kuanguka. Mwaka ule Brazili ilikuwa pia na ukame, na makontena yalikuwa adimu duniani, na Februari 2022 bei ikavuka dola 2.5. Aliyekuwa na kahawa yake chama cha msingi, akasubiri malipo ya pili, aliona tofauti. Yule mama aliiona kwa nusu tu.

Sasa pale nilipoumbuka. Baada ya 2021 nilijiona mtaalamu. Mei 2022, ramani zikaonyesha hewa baridi nyingine inapanda kuelekea Brazili. Nami, zikiwa zimebaki siku kama kumi, nikamwambia yule kijana mnunuzi kwamba jalidi inakuja na bei itapaa. Akakopa. Baridi ilikuja kweli, soko likaruka kwa hofu, lakini mashamba makuu ya kahawa hayakuungua kama ilivyoogopwa, na bei ikarudi chini. Mkopo haukurudi chini. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Kaka, wewe ungesema unafikiri. Ulisema unajua."

Nilikuwa nimefanya kosa ambalo wale wapenzi wa hali ya hewa humcheka mgeni akilifanya. Mfumo wa utabiri wa Marekani, GFS, unaanza hesabu mpya mara nne kwa siku; kwa saa zetu ni saa tatu na saa tisa, mchana na usiku, na ramani hutoka saa chache baadaye. Ramani moja ya siku kumi mbele inaweza kukuonyesha dunia inaganda, na inayofuata ikaifuta. Wazoefu hawaiamini mpaka GFS na ule wa Ulaya, ECMWF, iwe inasema jambo moja kwa siku tatu au nne mfululizo, na ziwe zimebaki siku tano au pungufu. Hata hapo wanauliza mawingu. Mifumo yote miwili unaiona bure kwenye Windy, na bando dogo linatosha. Tafuta Varginha au Patrocínio, ambako kuna kahawa. Ukitafuta São Joaquim utaona theluji na hutaona bei.

Kwa hiyo ninachokushauri Julai hii ni hiki. Usikope kwa ajili ya baridi ambayo haijafika. Kahawa iliyokauka vizuri ipeleke chama cha msingi na utunze stakabadhi yako. Baridi ikifika utakuwa bado una kitu ghalani. Iliyoko kichanjani igeuze na uifunike jioni, maana ukungu wetu wa kipupwe unaichelewesha kukauka, na kahawa iliyovunda haina bei hata Brazili yote ikiganda. Na kama ada inakubana, njoo tuzungumze na viongozi wa chama kuhusu mkopo mdogo kabla hujamwita mtu wa magoma. Najua ni rahisi kusema. Nilipomwambia hivyo yule mama, alinijibu, "Bwana shamba, mwalimu mkuu haijui Brazili."

Wiki iliyopita nilipita kwake tena. Mwaka huu hajauza hata debe moja likiwa mtini. Kijana wake amemaliza shule na ndiye anayegeuza kahawa. Nilipokuwa nawasha pikipiki aliniita kutoka kichanjani, akauliza kama kule Varginha kuna mawingu. Nikatazama simu. Yalikuwepo.