Kikosi cha Kongo cha Wakati Wote, na Nani Anahesabiwa

Pale kituoni kwetu Ggaba tuna mchezo ambao hauhitaji uwanja, mpira wala viatu. Unaandika majina kumi na moja ya wachezaji bora wa Kongo wa wakati wote, halafu unayatetea mbele ya wenzako mpaka koo likauke. Mvua ikinyesha Jumamosi, na huku karibu na ziwa inanyesha sana, vijana wanajaa ndani na mabishano yanaanza. Mimi ndiye ninayeshika chaki. Leo naweka kikosi changu hapa kwenye karatasi, kwa sababu ubaoni kinafutwa kila mara kabla sijamaliza kueleza.

Kwanza sheria. Bila sheria mtu ataleta Pelé na kusema bibi yake alitoka Uvira. Sheria yangu ni moja tu: awe amewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa, iwe ilikuwa Kongo-Kinshasa, Zaire au RDC. Alizaliwa wapi, siulizi. Sheria inaonekana ndogo lakini ndiyo inayoleta vita yote, kwa hiyo nitairudia nikimaliza kupanga timu.

Golini vijana wote wanamtaka Robert Kidiaba. Wameona video zake akishangilia, anaketi chini na kurukaruka kwa makalio kama mtoto. Kuna mzee mmoja wa Bukavu anayeuza samaki hapa mwaloni, yeye anawacheka: "Nyinyi munachagua matako, hamuchague mikono." Mzee anamtaka Kazadi Mwamba, kipa wa 1974. Namheshimu mzee, lakini nimepima. Kidiaba alichukua ubingwa wa Afrika na TP Mazembe 2009 na 2010. Mwaka huo wa 2010 kule Abu Dhabi waliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya dunia ya vilabu. Mwaka 2015 alikuwa golini tulipopata nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti. Kidiaba anaanza. Kazadi anakaa benchi, na mzee ataninunia wiki nzima.

Beki wa kulia ni Mwepu Ilunga, na hapa watu wanacheka. Mwepu ndiye yule ambaye katika mechi na Brazil, Kombe la Dunia 1974, alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga faulo yao. Dunia nzima imecheka ile video: eti Waafrika hawajui sheria. Mtu aliyetoka kuwa bingwa wa Afrika asijue faulo ni nini? Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua vizuri. Walikuwa hawajalipwa, na watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha kwamba wakifungwa zaidi ya tatu na Brazil wasirudi nyumbani. Mechi iliisha 3-0. Beki anayecheza na tishio la namna hiyo kichwani, na bado anapata akili ya kupoteza muda, mimi namchukua.

Katikati naweka Bwanga Tshimen wa ile timu ya 1974, pamoja na Chancel Mbemba. Mbemba hahitaji kutetewa sana. Amecheza Newcastle, Porto, Marseille. Lakini kwangu kuna sababu nyingine. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Ivory Coast kule Abidjan, wakati wa wimbo wa taifa, yeye kama kapteni na wenzake walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya mashariki. Tuliangalia ile mechi kwenye kibanda cha video, tumebanana. Kulikuwa na vijana wa Masisi, wa Rutshuru, wa Bunyakiri. Kibanda cha Kampala hakinyamazi hata siku moja, lakini ile dakika kilinyamaza. Tulifungwa 1-0. Hakuna aliyetoka pale akisema Mbemba alicheza vibaya.

Kushoto nampanga Arthur Masuaku, aliyezaliwa Lille, Ufaransa. Krosi zake ni nzuri, kurudi nyuma anachelewa. Namjua udhaifu wake na bado namweka, kwa sababu mbele yake nataka mtu wa kumlisha mipira.

Viungo watatu. Youssouf Mulumbu wa kukaba. Alizaliwa Kinshasa, akakulia Ufaransa, akatoboa Uingereza na West Bromwich Albion. Pembeni yake Kidumu Mantantu, kapteni wa 1974. Mbele yao Trésor Mputu, ambaye CAF ilimpa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika mwaka 2009. Mputu ana doa: 2010 alifungiwa mwaka mzima kwa kumvamia refa, kwa hiyo akaikosa ile safari ya Abu Dhabi. Vijana wangu wenye hasira za haraka huwa nawasomesha kwa Mputu. Kipaji kile, na timu yake inacheza fainali ya dunia wewe ukiangalia kwenye televisheni!

Mbele, kulia, Kakoko Etepe, mchezaji mwenye chenga ambaye baadaye alienda kucheza Ujerumani. Kushoto Shabani Nonda. Najua, Nonda ni mshambuliaji wa kati na mimi namsukuma pembeni, lakini kumwacha nje siwezi. Alizaliwa Bujumbura 1977, akapita Yanga ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, Uswisi, kisha Ufaransa. Mwaka 2004 aliifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Monaco. Ile safari yake ukiichora kwenye ramani inafanana na za ndugu zetu wengi: nchi moja, halafu nyingine, halafu nyingine tena.

Katikati ya mashambulizi hakuna ubishi. Ndaye Mulamba.

Kwa Ndaye ninasimama kidogo, maana vijana wengi wanamjua kwa jina tu. Machi 1974, kwenye Kombe la Afrika kule Misri, alifunga magoli 9 katika mashindano mamoja. Hadi leo ninapoandika hakuna aliyefikisha hayo. Wenyeji Misri walitolewa 3-2 nusu fainali. Fainali na Zambia ilitoka 2-2, magoli yote mawili yetu ni ya Ndaye. Wakarudia siku mbili baadaye, tukashinda 2-0, yote mawili Ndaye tena.

Miezi mitatu baadaye timu ileile ilienda Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Wakafungwa 2-0 na Scotland. Halafu wakafungwa 9-0 na Yugoslavia, na Ndaye akatolewa kwa kadi nyekundu kwa teke ambalo Mwepu alisema baadaye ni yeye aliyempiga refa.

Kwa hiyo mwaka mmoja una tisa mbili: tisa tulizofunga na tisa tulizofungwa. Mtafute Zaire 1974 kwenye simu yako sasa hivi uone inayotangulia ni ipi. Utapata Yugoslavia, utapata Mwepu na faulo yake, na watu wakicheka. Za Misri utazitafuta. Hii ndiyo shida ya kupima wachezaji wa zamani wa kwetu: aliyetunza picha ametunza siku tulizoanguka. Nawaambia vijana kituoni kwamba ukipanga kikosi cha wakati wote unafanya pia kazi ya kumbukumbu. Usipoandika wewe, kuna mtu ameshaandika.

Na maisha ya Ndaye yanaendelea mahali ambapo sisi tunapajua. 1994 CAF ilimwita Tunisia kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na pesa, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Yule mtu wa magoli 9 aliishi Cape Town kama mkimbizi, akilinda magari ya watu kwenye maegesho. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja ulisimama dakika moja kumkumbuka kwa sababu ilisemekana amekufa. Alikuwa hai. Alifariki Januari 2019, hukohuko Afrika Kusini.

Niliposimulia hiyo, kijana mmoja anayefanya kazi ya kubeba mizigo ya samaki aliuliza: "Sasa yaya, kama alikuwaka bingwa, jezi ilimusaidia nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Jezi haikumlinda na risasi, wala haikumtafutia chumba cha kulala Cape Town. Lakini jina lake linabaki juu ya orodha, na hakuna mwizi anayeweza kulichukua lile.

Sasa narudi kwenye sheria, kama nilivyoahidi. Vijana walinipangia timu ya pili, ya watoto wa Kongo waliovaa jezi za wengine. Golini Steve Mandanda, aliyezaliwa Kinshasa na kuwa bingwa wa dunia na Ufaransa 2018, wakati ndugu yake Parfait alidakia Kongo. Beki Vincent Kompany na Presnel Kimpembe. Viungo Claude Makélélé, Youri Tielemans na Eduardo Camavinga. Mbele Romelu Lukaku, ambaye baba yake Roger aliichezea Zaire. Niseme ukweli wangu: hawa saba tu, ukiwaongezea wanne wowote, wanaipiga timu yangu. Labda 3-1, na hilo moja ni la Ndaye.

Vijana wamegawanyika. Wengine wanasema hao ni wa kwetu, damu ni damu. Wengine wanasema walichagua Ubelgiji na Ufaransa, basi wabakie huko. Neno "msaliti" linatoka haraka sana vinywani mwao, na mimi silipendi. Baba yake Kompany, Pierre, alifika Ubelgiji mwaka 1975 akikimbia utawala wa Mobutu. 2018 akachaguliwa meya wa Ganshoren. Camavinga alizaliwa 2002 kambini Miconje, Cabinda, Angola, wazazi wake wakiwa Wakongo waliokimbia vita. Alipata uraia wa Ufaransa Novemba 2019, mwaka uliofuata akavaa jezi yao, na 2022 akaingia kucheza kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Mtoto wa kambi. Mpaka pale karatasi ilipokuja, alikuwa sawasawa na sisi.

Siku ya ubishi huo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na sita ambaye huwa anacheza beki wa kushoto, na anasema Masuaku hamfikii kwa kurudi nyuma. Anasema kweli. Amezaliwa hapa Kampala, wazazi wake walitoka Walungu. Anaongea Kiganda kuliko mimi. Aliniuliza: "Yaya, miye niko timu gani, ya kwanza ao ya pili?"

Hayuko hata moja. Kuna timu moja ilimwita kwenye majaribio, ikamwomba karatasi za uraia, akatoa kadi ya mkimbizi, akaambiwa akae pembeni asubiri. Alisubiri mpaka mechi ikaisha. Sheria ya FIFA iko wazi: timu ya taifa ni ya raia. Katiba ya Uganda ya 1995 haimpi mtu haki ya kuandikishwa kuwa raia kwa kuzaliwa hapa tu, kama mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwa upande wa Kongo, mtoto wa Mkongo ni Mkongo, lakini pasipoti inatoka ubalozini, na mkimbizi anayeenda kuomba pasipoti ya nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa bado anataka ulinzi wa nini. Mguu wa kushoto anao. Pa kuupeleka hana.

Nimefikiri juu ya swali lake muda mrefu. Kuna wanaosema nibadilishe sheria, niwaingize wote, Lukaku na Camavinga na kila mwenye tone la damu. Nimekataa. Jezi ni kitu mtu alichokivaa kwa miguu yake mwenyewe, na Camavinga na Makélélé waliivaa ya Ufaransa kwa heshima. Nikiwavua leo kwenye karatasi yangu nawadharau wao na nawadharau pia Nonda na Masuaku, ambao walikuwa na nchi nyingine karibu na bado wakaja kwetu.

Lakini nimeongeza kifungu cha pili chini ya cha kwanza, na sasa kimeandikwa kwa rangi ukutani, chaki haitoshi: anayetaka kuvaa jezi na hana njia ya kuifikia, asihesabiwe pamoja na walioiacha. Ana safu yake. Ile safu ni ndefu, inaanzia hapa mwaloni inafika Nakivale na Kyangwali, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuipima vipaji vyake.

Basi kikosi changu ni hiki: Kidiaba, Mwepu, Bwanga, Mbemba, Masuaku, Mulumbu, Kidumu, Mputu, Kakoko, Ndaye, Nonda. Benchi: Kazadi, Lobilo Boba, Lomana LuaLua na sarakasi zake, Dieumerci Mbokani, Cédric Bakambu. Beki wa kushoto nakubali ni tatizo. Mwenye jina bora alilete Jumamosi, ila aseme kwanza anatumia sheria gani.