Bizimu Nililolifuta

Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, nilishikwa na maradhi ambayo sisi huyaita mkanda wa jeshi. Vipele vilinizunguka ubavu mmoja, kutoka mgongoni hadi karibu na kitovu, na kwa wiki nyingi hata shati lilikuwa adhabu. Wayunani nao waliyaita zoster, yaani mshipi. Suruali niliiweka kando, nikaishi ndani ya kikoi, tena kikoi cha kukunjwa tu, bila chochote cha kukikaza.

Ilipofika Idi ya Mfungo Tatu nilikuwa nimepona, lakini mwili ulikuwa umepungua. Nikautoa mkanda wangu mpana wa ngozi, nikauvuta hadi tundu la mwisho. Ukaning'inia nyongani kama wa kuazima.

Asiyevaa kikoi atadhani hilo ni jambo dogo. Mkanda wa suruali una vitanzi vya kuubeba. Hata ukilegea, suruali ina kifungo chake. Kikoi hakina kitanzi, kifungo wala mshono. Husimama kwa kubanwa tu. Nimepata kusoma juu ya vazi la Waskoti, kilti, nikashangaa kuona kwamba lenyewe hushikwa na vikanda vidogo vyenye mabizimu madogo ubavuni, na ule mkanda mpana wa juu, wenye bizimu kubwa linalong'aa mbele, huwa zaidi wa pambo. Kwetu ni kinyume kabisa. Mkanda ndio unaofanya kazi, na ukivaa kanzu hakuna hata anayeuona.

Kwa hiyo mkanda wa kikoi huchaguliwa kwa kushikwa, si kwa kutazamwa. Upana wake usipungue vidole vitatu, maana mwembamba hukata kama ugwe. Upande wake wa ndani uwe na ukwaruzo, kwa kuwa ngozi laini huteleza juu ya pamba. Bizimu liwe bapa, lenye ulimi. Yale ya kubana, ya mikanda ya turubai, hutafuna nyuzi za kikoi. Unasimama miguu imeachana kidogo, la sivyo hutapiga hatua. Unazungusha nguo, unaacha vidole vinne vya kitambaa juu ya mkanda, unakaza, kisha unakikunja kile kilichobaki kiufunike. Bizimu nalisogeza ubavuni, lisitune chini ya kanzu wala lisinichome tumboni nikisujudu. Na tundu lililo lako ni la katikati, ili pilau ya Idi ipate nafasi.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Mimi ni mtu wa Kondoa. Nilitoka Chuo cha Ualimu Chang'ombe nikiwa na cheti na kalamu nyekundu, nikapangiwa kufundisha Kiswahili Bagamoyo katikati ya miaka ya themanini. Nilijua ngeli zote. Viuno vya watu wa pwani sikuvijua, wala maneno yake. Kwangu mkanda ulikuwa mkanda. Ilinichukua miaka kujua kwamba mshipi ndio uo huo wa kiunoni na ndio uo huo wa mvuvi. Kwamba mahazamu, kutoka Kiarabu hizam, ni mshipi wa kuchomekea jambia. Kwamba masombo ni nguo ya kujizungushia kiunoni. Kwamba mkaja ni nguo ya kumfunga mzazi tumbo, na pia ni haki anayopewa mama wa bibi arusi, kama baba anavyopewa kilemba. Kibwebwe nilikitumia katika insha zangu tangu ujana, nikihimiza watu wajifunge, kabla sijamwona hata mwanamke mmoja akikifunga kwelikweli, kabla ya kuingia ngomani.

Basi nikaupeleka mkanda kwa fundi viatu, karibu na soko, chini ya mwarobaini. Nilikuwa nikimpita miaka yote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka matundu mawili zaidi."

Akaupima kwa shibiri, akatikisa kichwa. Ukitoboa hapo, alisema, mkia utakuwa mrefu mno, utakunjika chini ya kanzu. Afadhali kuukata upande wa bizimu na kulishona upya. "Bizimu lenyewe zima. Shaba hii huipati tena."

Alilitamka neno lile polepole, akinitazama. Nikamkumbuka. Mtoto wa nahodha, wa kidato cha pili, aliyeketi dirishani. Katika insha yake juu ya baba anayejiandaa kwenda baharini alikuwa ameandika kwamba mzee alikaza bizimu la mkanda wake, na mimi, ambaye neno hilo sikuwahi kulisikia, nililipiga mstari mwekundu, nikaandika juu yake "kifungo". Sikuifungua kamusi. Nililikuta humo miaka kadhaa baadaye, nikitafuta jingine, pamoja na asili yake ya Kiarabu, ibzim. Niliifunga kamusi ile haraka, kana kwamba kuna mtu nyuma yangu.

"Baba alicheka sana," alisema, akiunoa msharasi wake. "Akasema, kifungo ni cha shati au cha jela."

Nikamwomba radhi, pale pale, wateja wengine wakisikia. Alikuwa amekwisha kulichomoa bizimu, amelishika kwa meno akitafuta uzi, hakuweza kujibu. Alipolitoa mdomoni alinipimia mkanda kiunoni, akaingiza vidole viwili kati ya ngozi na ubavu, ule ubavu uliougua.

"Hapa panauma?"

"Si sana."

Akaulegeza kidogo, akatia alama kwa chaki. Nikamwuliza kama anakumbuka insha ile alipata alama ngapi.

"Kumi na tatu kwa ishirini, Mwalimu. Bila bizimu ingekuwa kumi na nne."