Motokari Iliyotumika na Akili ya Fundi

Sisi wa darasa la sita tunapenda sana mambo ya motokari za mashindano. Wengine hapa Kabondo wanasema: «Ile ni ya wenye feza tu.» Hapana! Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya Afrika Mashariki na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi mbele ya kuwa bingwa. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976.

Fundi anajua nini? Tuangalie maji. Motere inavuta hewa na kuifinya. Hewa inakubali kufinywa, maji yanakataa. Motere ikimeza maji, biela, kile chuma kinachoshika pistoni, inapindika, na kazi imekwisha. Ndiyo maana motokari za Safari za miaka ya 1990 zilifungwa bomba la hewa juu, karibu na paa.

Hapa kwetu mvua ikijaza barabara, dereva akiingia mbio bila kupima kimo cha maji, kesho watoto wake wanalala na njaa. Basi wenzetu, tusimcheke kijana mwenye mikono ya mafuta. Tunamaliza shule karibu. Anayetaka ufundi asione haya.