Bariadi: Kisukuma Kilinitoa Jasho

Ukitoka Mwanza, unakata kona Lamadi, halafu mashamba ya pamba yanakusindikiza hadi Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliozaliwa 2012. Mimi na daftari langu la maneno ya Kisukuma, najiona mjanja!

Nikamwamkia bibi: "Wangaluka." Binamu akaangua kicheko. Hiyo ni ya rika lako, mkubwa anaambiwa "Mwangaluka". Nikajikaza na sentensi ndefu. Bibi akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mgeni. Iliniuma, msomaji.

Kumbe maneno yalikuwa sawa, nilichemsha kwenye sauti. Kisukuma kina toni, na toni ya juu haitulii pake. Husogea mbele, mara nyingi silabi mbili, hata ikaingia neno linalofuata. Kitenzi kinapandisha sauti ya neno la jirani! Irvine Richardson aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo mwaka 1959.

Kuna watu Marekani wanaumiza kichwa na Kiklingoni, lugha ya kutungwa ya Star Trek, ambayo mtendwa hutangulia na mtenda hufuata. Sisi fumbo letu liko kwa bibi. Daftari la neno mojamoja nimelifunga. Sasa nakaa naye jikoni, nameza sentensi nzima.