Kimo Peke Yake Hakitoshi



Likizo iliyopita sisi mafrateri wanne tulitumwa kigango kimoja cha Kahe kwa mazoezi ya kichungaji. Tuliteremka kutoka migombani na mafundisho yaliyoandikwa vizuri, yale yale yaliyotupatia sifa darasani. Siku ya kwanza tuliwaita waamini saa nane mchana. Jua la Kahe halina huruma: walikuja bibi watatu na mtoto mmoja.

Jioni tulikuta vijana wakicheza mpira wa kikapu kwenye uwanja wa vumbi, ringi ya nondo imefungwa juu ya nguzo. Mrefu kuliko wote walimwita Thabeet. Alisimama chini ya goli bila kusogea, mpaka wenzake wakampigia kelele.

Usiku ule tukamzungumzia Hasheem Thabeet mwenyewe. Ni kijana wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alisifika kwa kuzuia mipira, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua, akiwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia NBA mwaka ule, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Lakini huko mchezo ulikuwa mwingine. Chuoni mlinzi huweza kukaa chini ya goli apendavyo. NBA haruhusiwi kubaki hapo zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu. Kile kilichompa jina ndicho alichopaswa kujifunza upya. Februari 2010 akashushwa ligi ya maendeleo, kwa Dakota Wizards.

Hakuacha. Kuanzia 2012, Oklahoma City, alikubali kazi ya dakika chache: kutoka benchi, kumfungulia mwenzake njia, kudaka mipira inayorudi, kulinda goli, kisha kurudi kukaa. Baada ya NBA alicheza tena ligi ya maendeleo, akacheza pia Japani na Taiwan. Wapo wanaomcheka kwa sababu hakuwa Curry. Sisi tuliona mtu aliyeendelea kujifunza baada ya kushushwa mbele ya macho ya dunia.

Kesho yake zamu yetu ikafika. Katekista alimwambia yule anayehubiri vizuri kuliko sisi sote, “Frateri, mwanangu, maneno unayo mengi. Wiki hii nenda na akina mama wa jumuiya, mkawachotee wagonjwa maji.”

Usiku tulimkuta amefunga begi. Tulikaa naye mpaka saa sita. Ndoo hazikumsumbua, alijiuliza kama asipohubiri ana wito gani. Hatukuwa na jibu, maana swali hilo lilikuwa letu pia.

Asubuhi alichukua ndoo. Nasi tukahamishia mafundisho alfajiri, kabla watu hawajaenda kwenye mpunga, tukayafupisha, tukaanza kwa kusikiliza. Wiki ya tatu mzee mmoja mgonjwa aliomba asaliwe, akasema aletewe “yule frateri wa ndoo”.

Ndugu msomaji, karama uliyopewa ni ya Mungu. Namna ya kuitumia, wakati mwingine utafundishwa na watu wa Kahe.