Ndege wa Kyavinyonge



Mwezi wa pili nilimsindikiza mama mdogo Kyavinyonge, kule anakonunua samaki. Tulishuka kwa pikipiki kupitia Kyondo. Butembo tuko juu penye baridi, na Ziwa Edward liko chini, meta 900 na kitu tu. Nilivua triko kabla hatujafika katikati ya mteremko.

Alfajiri mitumbwi ilipokuwa inarudi, mama mdogo hakutazama nyavu. Alitazama mwari, wale ndege wakubwa weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Mtumbwi wanaoukimbilia ndio wenye samaki. «Kama mwari hawapo, usitoe franga zako,» akaniambia. Kwenye matope kulikuwa na ndege wadogo wa miguu mirefu, wanatoboa-toboa kwa mdomo. Hao ni wageni: wanatoka Ulaya wakikimbia baridi, wanafika kwetu mwezi wa tisa au wa kumi, na kufikia mwezi wa nne wengi wameshaondoka.

Karibu na hapo ni Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka ziwani. Ndege wanajaa pale kama watu siku ya soko. Yote hayo ni ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925. Tangu 1996 imeandikwa pia katika mkataba wa Ramsar, unaolinda sehemu za maji na matope duniani.

Lakini kuandikwa hakujazi ziwa samaki. Miaka ya 1970 viboko wa Virunga walipita 25,000. Kufikia 2005 hawakufika hata 1,000, waliuawa kwa nyama na meno. Kiboko anakula majani usiku nchi kavu, anarudi kunya majini. Mavi yake yanalisha majani madogo ya majini, tilapia anayala hayo, na mwari anamla tilapia. Sisi pia.

Siku ile mama mdogo alinunua beseni la tilapia wachanga, urefu wa kidole, waliovuliwa kwa nyavu za matundu madogo. Nilimwambia hao hawajazaa bado. Akanijibu: wakubwa bei iko juu, likelemba ni Jumapili, na minervali ya watoto mwalimu anaijua vizuri. Tulipanda mpaka Kyondo bila kusemezana. Kusema kweli, jioni nilikula.

Mwezi wa saba tulirudi. Wale wa miguu mirefu hawakuwepo, ni msimu wao wa kuzaa Ulaya. Mwari walikuwepo, ila walikaa mchangani, hawakuukimbilia mtumbwi wowote. Mama mdogo alirudi na beseni nusu.

Juma hili mbayuwayu wamerudi kwenye waya za umeme mbele ya darasa langu, nao ni wageni wa Ulaya. Wanafunzi wamehesabu 43. Mama mdogo anasema tushuke Jumamosi, na kwamba safari hii wachanga hatanunua. Tutaona.